Simu Iliyomkataa Mchumba

"Pokea," alisema Shangazi.

Hapo ndipo tulipoachana, wasomaji wangu, na nimeambiwa wapo walioninunia wiki nzima kwa kukatisha utamu. Basi tusipoteze muda.

Fundi wa simu yuko kwenye kijiduka chake cha ghorofani, simu ya Mshonaji mkononi, inaita. Kioo kimeandika neno moja tu: Mchumba. Mlangoni amesimama Shangazi, bega moja limegusa fremu ya huku na jingine fremu ya kule, na hana dalili ya kupisha.

Kwa uliyechelewa kujiunga nasi, habari ni fupi. Mshonaji ni yule binti mwenye cherehani kwenye chumba cha pili kutoka kwa Fundi. Shangazi ndiye aliyemlea, na Shangazi ndiye aliyemtafutia mchumba: Mkandarasi, mjenzi wa majumba, mtu mwenye gari, kiwanja na mama. Huyo mama watu humwita Mwenyekiti, kwa sababu hakuna kikao alichowahi kukaa kikaongozwa na mwingine.

Uchumba ulikuwa unakwenda vizuri, kasoro simu. Mkandarasi akipiga tu, salamu haijaisha, simu ya binti inajizima na kujiwasha yenyewe. Wakipiga wateja wa nguo, inaongea mpaka betri inachoka. Kwa Mkandarasi wameanza kusema wanadharauliwa. Na Shangazi ameanza kusema kwamba Fundi, aliyeitengeneza simu hiyo mara nyingi kuliko anavyokunywa chai, ana ugonjwa wake mwenyewe ambao si wa simu.

Leo jioni wageni wanakuja kupanga siku ya harusi.

"Nipokee mimi?" Fundi aliuliza. "Anayetafutwa si mimi."

"Pokea, na usiseme neno. Nataka nione ikizimika mkononi mwako. Ikizimika, nimekukamata."

Fundi aliilaza simu juu ya kiganja kilichofunguka, kama mtu aliyebeba kifaranga. Akabonyeza. Akaweka spika.

"Leo usinikatie," sauti ya Mkandarasi ilianza. Ilikuwa sauti bapa, kama ya mwanafunzi aliyeitwa kusoma mbele ya darasa. "Kabla wageni hawajafika, kuna mambo uyajue. Cherehani utaiuza. Mke wa nyumba hii hashonei watu. Funguo za stoo atakaa nazo mama. Nywele utazifunga."

Shangazi akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika. Hayo kwake yalikuwa maneno ya mwanamume mwenye nyumba yake.

"Na jingine," sauti iliendelea. "Yule shangazi yako. Kile chumba cha uani alichoahidiwa, hakipo tena. Mdomo wake hauna breki. Akija kutusalimia, aje asubuhi, mchana aondoke."

Simu haikuzimika. Wala haikukwaruza. Ilisikika vizuri kuliko redio.

Shangazi aliuacha mlango, akavuka chumba kwa hatua moja na kuikwapua simu.

"Chumba gani hakipo? Hebu rudia, chumba gani—"

Kioo kikawa cheusi. Kikakaa cheusi kidogo, kisha ile nembo ya kampuni ikachomoza polepole, kama mtu anayeamka usingizini bila kujua ameleta balaa gani.

"Umeona," alisema Shangazi, akihema.

"Nimeona," alijibu Fundi. "Imezimikia kwako."

Shangazi aliutazama mkono wake kana kwamba ameuazima.

Sasa Fundi, kwa upande wake, alikuwa amepigwa na butwaa ya aina nyingine. Simu hiyo aliijua kama mama anavyojua mtoto wake mkorofi. Aliwahi kudhani ni joto, akaiweka kando ya feni. Akadhani imejaa, akafuta picha za mitindo ya magauni mpaka binti akalalamika. Akazitoa programu moja moja. Akasasisha. Akabadilisha betri. Mezani kwake simu ilikuwa inashinda siku nzima bila kupepesa, lakini ikirudi kwa mwenyewe, jioni yake imeanza tena.

"Hicho ndicho ninachokisema," Shangazi aliwaka. "Kwako inapona, kwetu inakufa. Mganga wa namna hiyo si ndiye mchawi mwenyewe?"

"Shangazi, ishike tena."

"Siishiki."

"Ishike, tafadhali. Nataka nione kitu."

Akaishika kwa vidole viwili, kwa kinyaa. Simu ilitulia. Fundi akasubiri. Simu ikaendelea kutulia.

"Mimi nilivyosikia," Fundi alisema kwa sauti ya upole mno, "chumba cha uani kilikuwa na dirisha kubwa."

"Na choo chake," alisema Shangazi, na vidole vyote vikaikunjikia simu. "Niliahidiwa mbele ya watu. Leo mimi ndiye wa kuja asubuhi na kuondoka mchana, kama muuza maziwa?"

Kioo kikawa cheusi.

Fundi hakucheka. Naomba mumpe sifa yake hapo. Aliichukua simu taratibu, akaigeuza ubavu chini ya taa yake ya kukuzia, na kwa mara ya kwanza hakuitazama simu. Alilitazama kava.

Lilikuwa kava nene, gumu, lenye ukingo wa dhahabu ya kupaka. Mkandarasi alilileta mwenyewe siku ya posa. Ubavuni, pale kwenye kitufe cha kuwashia, lilikuwa na kinundu cha mpira kilichokaa vibaya. Ukilishika kava kawaida, hakuna kitu. Ukilikaba, kinundu kinakandamiza kitufe na kukishikilia. Na simu ya namna ile ukishikilia kitufe chake kwa muda, inajizima na kujiwasha upya. Haina ugonjwa. Inatii amri.

Na yeye, fundi mzima, kila ilipoletwa, kitu cha kwanza alichofanya ni kulivua kava na kuliweka pembeni. Cha mwisho, ilipopona, ni kulivalisha.

"Umepata nini?" Shangazi aliuliza. "Mbona umenyamaza?"

Ewe msomaji, jiweke kwenye kiti chake. Akisema "ni kava," simu imepona, Mkandarasi atasikika, wageni watafurahi, harusi itakuwa. Na binti anayepita mbele ya mlango wake kila asubuhi na tepu ya kupimia shingoni atakuwa anapita kwingine. Akisema "ni saketi, niachieni mpaka mwezi ujao," nani atambishia?

"Shangazi," Fundi alianza, "tatizo la simu hii liko ndani sana—"

"Hodi," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Mshonaji. Tepu shingoni, nyuzi nyeupe kwenye sketi, kidole kimoja bado kina kofia ndogo ya bati ya kuzuia sindano. Aliwatazama wote wawili, kisha akaitazama simu.

"Imekuwaje tena?"

"Fundi anasema tatizo liko ndani sana," alisema Shangazi.

"Liko ndani?" Mshonaji aliuliza, akimtazama Fundi usoni.

Kumdanganya Shangazi kulikuwa kazi nyepesi. Kumdanganya huyu, ulimi uligoma.

"Haliko ndani," alisema Fundi. "Liko nje. Ni kava."

Akalivua. Akawaonyesha kinundu, akakibonyeza kwa kibano, akaeleza. Alieleza vizuri, kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Akaongeza kwamba wateja wakipiga, binti huibana simu kati ya bega na sikio ili mikono iendelee na kazi, kwa hiyo kitufe hakiguswi. Akipiga mchumba, huacha kushona na kuikamata kwa mkono.

"Anaikamata kwa heshima," alisema Shangazi.

"Kwa nguvu," alisema Fundi. "Heshima haizimi simu."

Kisha akamkabidhi binti simu yake, nyembamba na nyepesi bila lile joho la dhahabu. "Mpigie. Hakikisha imepona kabla hujaondoka nayo. Iweke spika, na Shangazi asikie."

Mshonaji akapiga. Simu ikaita, ikaita, ikaita. Hakuna aliyepokea. Akailaza kifudifudi mezani ikiendelea kuita, akaliokota kava na kuligeuzageuza. Alipitisha kidole chenye kofia juu ya kile kinundu.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?" aliuliza Shangazi.

"Kwamba ni kava."

Nje, mtu alikuwa anavuta meza kwenye korido, na hata hiyo meza ikaacha kulia.

"Tangu lini?" aliuliza Fundi. Sauti yake ilikuwa haijakaa sawa.

"Tangu mwanzoni. Mara ya kwanza ilijizima yenyewe. Alikuwa ananieleza jinsi mama yake anavyotaka nitembee nikiwa mbele za watu. Nikatazama, nikaona vidole vyangu vimeikaba simu mpaka vimepauka. Nikafurahi, Shangazi. Nikaona na aibu, kwa jinsi nilivyofurahi. Alipopiga tena, nikajaribu kwa makusudi. Ikakubali."

"Mtoto wewe," alisema Shangazi, taratibu. "Wanaume wa watu wanakunja uso kule, mimi naapa kwa mbingu na ardhi kwamba simu ni mbovu, kumbe mbovu ni wewe."

"Nilikwambia simtaki. Ukaniambia hakuna anayejua anachokitaka kabla hajakipata."

"Nilitaka upate nyumba yenye paa lisilovuja."

"Na wewe upate chumba cha uani."

"Na mimi nipate chumba cha uani," alikubali Shangazi. "Kosa liko wapi hapo? Mgongo huu ulikubeba mpaka ukapinda. Ulitaka uzeeke wapi, barabarani?"

Macho ya binti yalikuwa yamejaa machozi, na alikuwa amekunja midomo ili yasimwagike mbele za watu. Ukweli wa Shangazi ulikuwa ukweli, na ukweli wa namna hiyo haufutiki kwa kuutazama pembeni.

Ni Fundi aliyeingilia, kwa swali ambalo mtu mwenye akili zake angelihifadhi.

"Sasa kama ulijua ni kava, kwa nini ulikuwa unaniletea? Nimefungua simu hii mpaka skrubu zimeanza kulegea. Nimekubadilishia betri isiyo na kosa lolote."

Mshonaji alimtazama kwa huruma.

"Fundi, mafundi wa simu wameanzia kituo cha basi mpaka chini ya ngazi hizi. Nawapita wote kila asubuhi nikija kazini, na simu nzima mkononi. Napanda mpaka huku juu. Wewe unaona ufa wa unywele kwenye kioo, lakini hilo hukuliona?"

Bisibisi ilimtoka Fundi mkononi, ikagonga meza, ikaviringika na kuanguka sakafuni. Hakuna aliyeinama kuiokota. Fundi alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Kwa mtu aliyekuwa anatengeneza vitu vya kuzungumzia, alikuwa katika hali mbaya sana.

"Ongea basi," Shangazi alimwambia. "Mwenzako kashasema. Au na wewe umezimika?"

"Mimi," alisema Fundi, "lile tatizo la ndani sana... nilitaka kulisema ili usiondoke."

"Nilikusikia nikiwa mlangoni," alisema Mshonaji. "Ndiyo maana nikabisha hodi."

Akatabasamu, machozi yakiwa pale pale. Shangazi akageuza uso ukutani, akajifanya anasoma kalenda ya mwaka uliopita.

Ndipo kitu mezani kikakohoa.

Kilikohoa kwa adabu, kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Wote watatu wakatazama chini. Simu ilikuwa bado kifudifudi, na pembeni mwake mwanga mwembamba ulikuwa unamulika mbao za meza.

"Shangazi, shikamoo," ilisema sauti ya Mkandarasi.

"Marahaba," Shangazi alijibu kwa mazoea, kabla hajakumbuka kushtuka.

Mshonaji akaigeuza simu. Mkandarasi alikuwa amepokea dakika ile ile ilipokuwa inalazwa mezani. Na simu iliyopona, wasomaji wangu, haikatiki.

"Umesikia kiasi gani?" aliuliza binti.

"Kuanzia paa lisilovuja na kurudi nyuma. Na kuanzia hapo na kwenda mbele." Akavuta pumzi. Sasa sauti yake haikuwa bapa. Ilikuwa sauti ya mtu. "Sijakasirika. Nitakwambia ukweli, maana leo naona ni siku yake. Kila ilipokuwa inakatika, nilikuwa nashusha pumzi. Nilikuwa napiga huku naomba ikatike."

"Na wewe?"

"Na mimi. Yale ya cherehani na nywele si yangu. Mama alikuwa kando, ananinong'oneza sikio hili, mimi natamkia lile. Mimi naweza kukwambia uuze cherehani? Suruali yangu ya kazini si wewe uliyeitia kiraka?"

"Kwa hiyo chumba kipo?" aliuliza Shangazi.

"Shangazi," alisema Mshonaji.

"Nauliza tu. Kuuliza si ujinga."

Fundi, kwa mara ya kwanza tangu mchana, alianza kupumua kama watu wengine. Hapakuwa na adui. Mchumba hataki, mchumbiwa hataki, na shangazi mwenyewe ameshaachiwa mlango wa asubuhi na mchana. Jambo lilikuwa limejimaliza. Kilichobaki kilikuwa swali dogo tu, na alilituma kwenye simu bila wasiwasi.

"Kaka, sasa hivi uko wapi?"

"Chini ya jengo lenu, kwenye gari. Tumekuja mapema. Mama alitaka aione hiyo simu kwa macho yake kabla ya kikao."

Mshonaji na Fundi wakatazamana.

"Ulikuwa umeweka sikioni?" binti aliuliza. "Au spika?"

"Spika," alisema Mkandarasi. "Nilikuwa nageuza gari."

"Mama amesikia?"

"Hakusema kitu. Kashuka." Sauti ikapungua. "Mkoba wake kauacha kwenye kiti. Tangu nizaliwe sijamwona mama akiuacha mkoba."

Kwenye ngazi kulikuwa na viatu. Havikuwa na haraka. Vilipanda, vikapumzika, vikapanda.

"Funga mlango," Shangazi alinong'ona.

"Haufungiki kwa ndani," alinong'ona Fundi.

"Wewe ni fundi wa nini basi?"

Aliyeingia hakuwa jitu. Kama ulikuwa unamngojea mwanamke wa kutikisa sakafu, futa picha hiyo. Mwenyekiti alikuwa mama wa umbo dogo, mwembamba, mtandio umekaa sawa, na sauti laini kama ya mtu anayeombea mgonjwa. Alimpa kila mtu mkono. Wa Shangazi aliushika kwa muda mrefu kidogo. Kisha akaketi kwenye kigoda cha wateja bila kukaribishwa, akatoa simu mfukoni na kuiweka mezani, kando ya ile nyingine.

"Mwanangu Fundi," alisema. "Na mimi yangu ina kasoro."

"Inajizima, mama?"

"Haijizimi kamwe. Ndiyo shida yake. Kila anayenipigia, inamrekodi. Wala sikumbuki ni nani aliyeiwekea hivyo."

Aliteleza kidole kwenye kioo kwa wepesi wa mtu anayekumbuka vizuri sana. Akabonyeza.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya Shangazi.

"Usihofu, dada yangu. Yule fundi wa simu niachie mimi. Mwenye jengo tunaelewana. Kabla ya harusi atakuwa ameshapewa notisi ya kuhama, na hatajua imetoka kwa nani."

Fundi aliitazama meza yake, taa yake, visanduku vya skrubu, rafu aliyoipigilia mwenyewe. Kisha akamtazama Shangazi. Shangazi aliketi sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama.

"Nilisema," alinong'ona. "Sijafanya bado. Wallahi sijafanya bado."

"Hiyo ilikuwa ya shangazi," alisema Mwenyekiti, bila kupandisha sauti. "Nimeianza kwa sababu ni fupi. Sasa tumsikilize binti. Maana alinipigia na yeye, peke yake, na mwanangu hajui. Alikuwa na ombi juu ya huyu kijana."

Mshonaji alinyoosha mkono kufunika ile simu, lakini kidole chembamba cha Mwenyekiti kilikuwa kimeshafika juu ya kioo na kutulia hapo, kikimngoja.

"Fundi," alisema Mshonaji bila kumtazama. "Kama kweli unanipenda, toka nje kabla hajabonyeza."